Kaburi la Sifa, Shinyalu

Dada Neema,

Kuku wa huku ni mtamu, ila nimemla matangani. Malaria imemchukua Sifa, binti wa Mchungaji Yohana na Rebeka, wamisionari wetu. Wamepanga nyumba, na hapa mpangaji hazikwi kwenye kiwanja cha mwenye nyumba. Yohana, kwa kuwa utume wao unaisha mwezi ujao, alitaka kumsafirisha kwao Njombe. Jirani yao, Bibi Khasandi, akaonyesha migomba yake.

"Mleteni kwangu. Lakini mama, ukizika hapa wewe ni wetu. Hatuachangi kaburi peke yake."

Rebeka akajibu, "Basi chimbeni."

Tulizika mvua ikinyesha. Yohana anarudi, Rebeka anabaki. Mpelekee mama yake Rebeka habari hii wewe mwenyewe, na usiondoke mpaka apate usingizi.

Kaka yako akupendaye,
Amosi