Chungwa la Kubaki Katika 30,031

Diani,
Jumatatu jioni

Mama yangu mpenzi,

Shikamoo. Goti lako linaendeleaje, na mvua imefika huko Makueni? Mimi na Shangazi hatujambo. Yeye bado anafua mashuka ya hoteli, na ameniambia nikuandikie leo leo kabla furaha haijaniharibia mwandiko.

Mama, unakumbuka tulivyokuwa tukipanga machungwa kando ya barabara? Ulisema mafungu yakilingana na likabaki moja, hilo ni la aliyepanga. Nami nilikuwa nikipanga matatu matatu, nikivunja, nikipanga matano matano, mpaka langu libaki.

Sasa, Ijumaa Mwalimu wetu wa hesabu alizidisha 2, 3, 5, 7, 11 na 13, akaongeza moja, akapata 30,031. Akauliza kama hiyo ni namba tasa, yaani haigawanyiki ila kwa moja na kwa yenyewe. Alisema atakayejibu kwa sababu nzuri atakwenda kwenye mashindano ya hesabu Mombasa. Mimi niliona machungwa. Yapange mawili mawili, linabaki moja. Matatu matatu, linabaki moja. Hata kumi na matatu kumi na matatu, ni lile lile moja. Nikasimama nikasema ni tasa. Wenzangu wakapiga makofi, jina langu likaandikwa juu ubaoni.

Mwanajuma wa Tiwi, tunayekaa naye dawati moja, akaninong'oneza, "Umepanga mara ngapi?"

"Mara sita."

"Na kumi na saba umemwachia nani, shoga? Mama yako?"

Nilinuna. Lakini Jumamosi nilikaa kibarazani nikaanza kugawanya. Kwa 17 yakabaki tisa. Kwa 19 yakabaki kumi na moja. Niliendelea hivyo, na nilipofika 59 halikubaki hata moja. Mafungu 509 ya machungwa hamsini na tisa, yametimia! Nilipiga ukelele, Shangazi akatoka na ufagio akidhani ni nyoka. Sijawahi kufurahi hivi kwa kukosa chungwa.

Kisha nikakumbuka jina langu ubaoni, nikamweleza Shangazi.

"Nyamaza, kama utaweza," Shangazi akasema.

Sikuweza. Leo asubuhi niliandika 59 × 509 ubaoni. "Mwalimu, jibu langu la Ijumaa si kweli."

Akazidisha mwenyewe kando. "Nani amekuonyesha?"

"Hakuna. Mwanajuma aliuliza tu."

Akachukua chaki. Nilidhani atalifuta jina langu. Akaandika la Mwanajuma chini yake, akaendelea na somo.

"Garini, dirishani utakaa wewe," Mwanajuma akaniambia. "Mimi Mombasa nishaizoea."

Nisalimie Baba huko shambani, na Nyanya, umwambie Kiswahili changu sasa hakichekwi. Mwambie mdogo wangu Mutua kwamba machungwa ya kubaki ale yeye mpaka nirudi, ila asiishie kumi na tatu.

Binti yako wa kwanza,
Ndinda