Mke Uliyemliza

Mjukuu wangu,

Leo sikuiti mume wangu kama nilivyozoea kukutania, maana nimekasirika. Nesi wa hapa hospitalini amenisomea mswada wa filamu unaotaka kuwapelekea watu wa studio wakupe kazi. Mwanamke uliyemwandika humo anaingia na chai, anatoka analia. Hata mbwa umempa jina. Yeye ni "mke wa mwalimu" tu. Mume anamkimbia, naye anampigia magoti arudi. Nesi akacheka: "Bibi, huyu mama hachoki kulia?"

Nilijua ni mimi. Ndivyo ulivyosimuliwa.

Sasa sikiliza. Daktari ameacha kunidanganya kwamba nitapona, nami naacha kukudanganya. Babu yako hakunikimbia. Nilimfukuza, siku aliyonipiga kofi mbele ya baba yako. Nilibadilisha kitasa, nikamtolea viatu vyake nje. Aliyepiga magoti mlangoni ni yeye, majirani wakichungulia. Baada ya wiki nikamfungulia, kisha nikaubeba uongo wake, kwamba ndiye aliyeniacha, miaka yote ili mwanangu asichekwe kwa ajili ya baba yake. Nyote mkanisifu kwa uvumilivu. Sifa hizo ziliniuma kuliko kofi lenyewe.

Naitaka hiyo kazi uipate, tena sana, lakini si kwa machozi ambayo sikuyatoa. Andika upya, kabla hujawapelekea. Na weka hili, maana hakuna aliyewahi kuniuliza: wiki ile nzima nililala katikati ya kitanda, nikakoroma.

Ni mimi bibi yako,
ambaye bado sijamsamehe babu yako.