Upara wa Baba Yangu

Daudi, mume wangu wa uzeeni,

Hatujambo hapa Ihumwa, uwele umechanua shambani, na mama yako anakusalimu. Unauliza upara umekupataje ungali kijana, na baba yako nywele anazo tele. Usimlaumu. Upara hupitia hata kwa mama: ulitoka kwa baba yangu, ukapita kimyakimya kwangu na kwa mama yako.

Enzi za Mwingereza vijana wenzake wa Kigogo walisuka nywele na kuzipaka udongo mwekundu. Yeye hakuwa na cha kusuka, walimtania sana. Siku aliyopanda treni kwenda vitani, alivua kofia ya jeshi dirishani ili nimtambue. Niliutazama upara ule ukimetameta mpaka ukapotea. Hakurudi, wala hakuacha picha.

Basi ukija, shuka kwenye treni kofia mkononi, nimwone baba akirudi.

Bibi yako,
Ihumwa