Joka la Bibi Yako

Keza mjukuu wangu, amahoro. Hapa Minago tuko salama; shangazi yako anakamua mawese.

Unauliza kama uache kukipenda kitabu chako kwa sababu filamu iliyotokana nacho imeliua joka ulilolipenda.

Tulipokuwa wakimbizi Tanzania, vijana wa kanisa waliigiza hadithi aliyoitunga bibi yako, wakati huo mchumba wangu. Joka lake lililishwa mihogo likawa rafiki wa kijiji. Wao walilichoma mkuki! Nilisimama kwa hasira. Akanivuta shati huku akicheka: “Kaa chini, wewe! Wameua la kwao. Langu bado linakula.”

Tangu bibi yako atutoke, watoto wa jirani huniomba hadithi ile. Juzi mmoja alidai joka lichomwe mkuki. Nikaendelea kumenya mihogo ya joka.

Babu yako anayekupenda.