Breki Nimefunga Mwenyewe

Jumamosi, 2 Agosti 2025

Nimekasirika kabisa. Gari inasaga vyuma kila nikikanyaga breki, kwa hivyo asubuhi nimeipeleka Molo kwa Kimaiyo, fundi wetu. Nikamwambia pad za breki za mbele zimeisha, anibadilishie. Akafungua gurudumu, akachungulia, akapangusa mikono — halafu akatoa simu. Anampigia Kipkemei, mume wangu! Mbele yangu! Eti boss, mama ameleta gari, tufanye aje?

Gari ni yangu. Mkopo wa sacco nimelipa mimi, logbook ina jina langu. Kipkemei yuko Eldoret na yule mwanamke wake, huku anakuja Krismasi kama mgeni. Na bado ndiye anaulizwa.

Jibu la Kipkemei: gari ibaki garage mpaka aje aiangalie. Anakuja lini? Kimaiyo hajui. Nikamwambia arudishe gurudumu. Akacheka. Nikarudisha mwenyewe, sketi ikijaa grisi. Nimekuja nayo nyumbani gia ya kwanza, taa za hazard zikiwaka, bodaboda zikinipigia honi.

Mama mkwe anasema ningemsubiri tu mwanawe. Nimsubiri! Na Alhamisi ya tarehe kumi na nne ni kliniki ya macho ya huyu mama, Nakuru. Jicho la kulia linaona mwanga tu, na la kushoto linafuata. Akikosa siku hiyo, ni mwaka ujao.

Jumapili, 3 Agosti

Kanisani sikusikia mahubiri. Nilikuwa nawaza kalipa. Ni ile kitu inabana diski ukikanyaga breki — nimejifunza YouTube, kuna Mhindi mmoja anaongea mbio lakini mikono yake inaeleweka. Nimemtazama mpaka bundles zikaisha.

Si uchawi. Ni boliti.

Jumanne, 5 Agosti

Nimenunua pad kwa Mugure, yule wa duka la spea karibu na soko. Akauliza fundi wangu ni nani. Nikasema mimi. Akaniangalia vizuri, kisha akanionyesha ya ndani ni ipi na ya nje ni ipi. Anasema ameuza hizi vitu tangu aolewe na hajawahi kufunga hata moja. Nikimaliza nimpigie.

Jumatano, 6 Agosti

Jeki, mawe nyuma ya magurudumu, gunia la kupigia magoti. Boliti ya kwanza ilikataa kabisa. Nikapanda juu ya spana kwa miguu miwili nikaruka — PAA! Ikaachia. Nimechunika vidole, sijali. Pistoni ya kalipa nimeirudisha ndani na klampu ya kubania mbao, ya seremala wa kanisa. Pad mpya zikaingia. Upande wa pili ukaenda haraka zaidi. Nilikuwa naimba!

Nikatoa mawe, nikawasha gari. Nikaachilia handbrake. Nikakanyaga breki — pedali ikaenda mpaka chini. Hakuna kitu. Gari ikateremka kinyumenyume polepole, kwa heshima yote, ikaingia kwa sukuma wiki na kusimama kwenye nguzo ya boma la ng'ombe.

Kumbe ukishafunga lazima upampu pedali kwanza mpaka iwe ngumu. Mhindi alisema. Mimi niliruka hapo.

Mama mkwe akatoka jikoni. "Mimi sioni," akasema, "lakini hiyo nimeona."

Nimepampu. Imekuwa ngumu kama jiwe. Taa moja ya nyuma imevunjika. Basi. Ni taa yangu.

Ijumaa, 8 Agosti

Habari za sukuma wiki zimefika Eldoret. Kipkemei amepiga akipayuka eti mimi nitamuua mamake na hii gari. Nikamwambia basi njoo umpeleke kliniki wewe. Eti ana kazi, anamtuma Kimaiyo achukue funguo.

Kimaiyo amekuja mchana. Nimemtolea chai. Funguo sikutoa. Amezunguka gari, akachutama, akachungulia katikati ya rimu. Amemaliza chai akaenda.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimeweka taa. Kisha nimeenda nayo njia ya Olenguruone peke yangu, kila mteremko nakanyaga. Inashika! Inashika na hailii! Nimepiga kelele ndani ya gari mpaka ng'ombe wa watu wakageuka.

Mama mkwe bado anasema ataenda na matatu. Ataonaje hata mahali pa kushuka?

Alhamisi, 14 Agosti

Naandika hii nimekaa juu ya jiwe kando ya barabara, chini ya mteremko wa Sachangwan, njia ya Nakuru. Lori zinapita, ardhi inatetemeka.

Asubuhi Mama mkwe alitoka na nguo za kanisa, akasimama mlangoni muda mrefu. Nilikuwa nimechoka kubembeleza. Akafungua mlango wa mbele mwenyewe, akasema, "Twende kabla sijafikiria." Akashika ile kamba ya mkanda kwa mikono yote miwili. Pale tanka ya mafuta iliwahi kulipuka na kuua watu aliacha kuomba kwa sauti, akaendelea kwa midomo tu.

Mteremko mrefu, ukungu, lori mbele yangu. Nilikanyaga, ikashika. Tena, ikashika. Halafu harufu. Nikadhani ni ya lori. Lori likakata kona likaenda, harufu ikabaki. Nimetoka kando, nimesimama salama. Gurudumu la kulia linatoa moshi kidogo. La kushoto liko sawa. Kalipa ya kulia imeng'ang'ana, haiachilii diski. Hilo najua. Kwa nini, sijui bado.

Dereva mmoja wa lori akasimama. "Mathe, mwenye gari yuko wapi?" Kabla nijibu Mama akatoa kichwa dirishani: "Unaongea naye." Dereva akasema tumwagie gurudumu maji. Nikakataa — diski ikiwa moto hivyo utaipinda. Akainua mabega akaondoka. Naweza kuwa nimekosea. Sidhani.

Kliniki wanapokea watu mpaka saa sita. Jeki iko chini, spana iko mkononi, nangoja chuma kipoe nifungue. Mama ameshuka, amesimama nyuma ya gari na leso nyekundu, anaipungia kila ngurumo ya lori anayosikia.

Simu yake inalia. Ni Kipkemei, anajua mlio. Ameipapasa kwenye mfuko wa sweta mpaka ikanyamaza. Inalia tena. Anauliza kama hiyo kitu imepoa.

Nimegusa. Bado.