Jina Lililoziba Foleni

Jumatatu, 6 Mei
Ofisini Kibaha saa mbili kasoro. Kwanza foleni, kama kila siku. Programu ya maabara yetu inaweka humo majibu ya vipimo, na programu ya kituo cha afya Kisarawe inayachukua moja moja. La kwanza kuingia ndilo la kwanza kutoka. Asubuhi huwa tupu. Leo yamo thelathini na manne. Bosi, Bwana Temu, kasema ni mtandao wa Kisarawe, utakaa sawa wenyewe. Nikakubali. Nimekubali haraka mno.

Jumanne, 7 Mei
Sitini na moja. Sista Mwajuma, muuguzi wa Kisarawe, kapiga simu mara ya tatu. Temu kaweka spika, ofisi nzima ikasikia: "Mama, jifunze kwanza kuwasha kompyuta." Mtu wa makamo ya mama yake. Wawili wakacheka. Mimi niliinamia kompyuta yangu, na hilo linanikera kuliko kicheko chao.

Jumatano, 8 Mei
Nimekwenda Kisarawe mwenyewe. Kompyuta ya Sista inawaka. Mtandao upo. Anayo daftarini kila simu aliyopiga tangu Ijumaa, saa, na nani alipokea.

Kwenye benchi alikaa Zainabu, mjamzito wa miezi saba kutoka Kurui. Alitolewa damu Ijumaa. Mara mbili karudishwa nyumbani bila majibu. Midomo imepauka.

Nikafungua foleni. Mbele kabisa, jibu la mzee mmoja, Mang'enya. Programu ya Kisarawe ikikuta ile alama ya ng', inazima. Jibu linarudi mbele. Ikiwaka inalichukua tena, inazima tena. Siku tano. Nyuma yake watu wote wamekwama. Zainabu ni wa tisa.

Nikamsomea Sista jibu la Zainabu palepale. Damu imepungua vibaya. Hakunilaumu. Kaita gari, wakampeleka hospitali.

Programu hiyo aliiandika Temu. Hakuijaribu hata kwa jina moja lenye ng'. Mtoto wa darasa la kwanza anaandika ng'ombe.

Alhamisi, 9 Mei
Nimemweleza Temu. Jibu lake: "Futa hilo moja, mengine yatapita. Na waambie waandike Mangenya." Basi mzee apoteze vipimo vyake na jina la ukoo wake, ili programu ya bwana mkubwa isiguswe. Nikamwambia sifuti.

Nimeirekebisha isome ng'. Kisha nimeweka foleni ya pembeni: jibu likishindikana mara tatu linahamia huko, sisi tunaarifiwa, mengine yanaendelea. Saa tisa alasiri jibu la Mang'enya lilipita. Yote yakafuata. Ndani ya dakika nne foleni ilikuwa tupu. Dakika nne.

Ijumaa, 10 Mei
Ripoti ya Temu imetoka. Chanzo: uzembe wa mtumiaji, Kisarawe. Jina la Sista limeandikwa kamili. Nimeisoma mara mbili. Uongo mtupu.

Nimeandika yangu. Nimeambatisha kumbukumbu za mashine na picha za kurasa za daftari la Sista. Nimetaja kwamba Jumatatu niliiona foleni imejaa nikakubali ni mtandao bila kuangalia. Nimetuma kwa mganga mfawidhi, mkuu wetu sote, na kwa wote waliopokea ya Temu. Ruhusa sikuomba.

Jumatatu, 13 Mei
Temu hajanisalimia. Foleni tupu. Mganga mfawidhi kajibu kwa mistari miwili: jina la Sista litaondolewa kwenye ripoti. Kuhusu Temu, hakuna neno.

Mchana Sista kanipigia. Zainabu kaongezewa damu, bado amelazwa, mimba ipo salama. Nikauliza kama anakula.

Anakula.