Kikombe cha Hemani

Dada Mozah,

Wazima sisi, na tende zako zimefika. Mjukuu wangu Hamdan amenikodia chumba hotelini hapa Dubai, eti nipumzike nyumba yetu ikikarabatiwa. Sasa mbona hata birika la mama limeletwa huku? Nikimuuliza nitarudi lini, anaangalia simu.

Jana alinipeleka jangwani na watalii. Tukapewa kahawa hemani. Nilipotosheka, nikatikisa kikombe, kama mama alivyotufunza. Mhudumu akajaza tena. Nikatikisa, akajaza.

"Hamdan, mwambie imetosha. Si nimetikisa?"

"Kutikisa ndo nini, bibi?"

Nikamtazama. Nikanywa tu.

Dada, mtalii ni nani hapa? Njoo unimiminie wewe. Nikitikisa, utajua.

Mdogo wako,
Shamsa